Nani aliyetengeneza gesi ya Ziwa Kivu?

Ukiwauliza watu wa Goma gesi iliyo chini ya ziwa imetoka wapi, wengi watakuonyesha kilele cha Nyiragongo kinachofuka moshi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Volkano na nyufa za bonde letu zimeleta hewa ukaa, joto na chumvi. Lakini methani, ile gesi inayowaka na kuzungusha mitambo ya umeme upande wa Rwanda, kwa sehemu kubwa imetengenezwa na viumbe hai wadogo mno. Ukiwapanga elfu moja katika mstari mmoja, mstari wote hautazidi milimita chache. Wanaitwa arkea.

Kwetu, mtu akitaja mikrobe, akili inakwenda moja kwa moja kwenye kolera, kuhara na foleni ya hospitali. Hofu hiyo ina sababu, na nitaifikia. Ila inatuficha jambo kubwa: sehemu nzuri ya mali ya Kivu, kuanzia gesi ya ziwani hadi maharage ya Walungu na jibini ya Masisi, imepita mikononi mwa bakteria na arkea kabla ya kufika kwetu. Na pale mali hiyo inapopotea, ukichunguza utakuta mara nyingi kwamba mtu hakujua ni kiumbe gani anafanya kazi gani, wala anahitaji nini ili aifanye.

Makundi mawili yanayofanana kwa sura

Kwa miaka mingi wanasayansi waliwaweka wote katika kapu moja la bakteria. Ukiwatazama kwa darubini huwezi kuwalaumu: wote ni vijiti au vidonge vidogo, seli moja moja, bila kiini ndani yake. Mnamo 1977 Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilinganisha molekuli moja iliyomo katika kila seli hai, sehemu ya chombo kinachounda protini. Wakakuta kwamba vijidudu vinavyotoa methani haviwezi kuhesabiwa pamoja na bakteria wengine. Ukoo wao ulikuwa umejitenga tangu zamani za kale kabisa, na leo unahesabiwa kama tawi kuu la uhai, peke yake.

Tofauti ziko ndani. Ukuta wa seli ya bakteria umejengwa kwa peptidoglikani, na ndio unaoshambuliwa na penisilini. Arkea hawana ukuta wa aina hiyo. Utando wa arkea umeshonwa kwa mafuta ya namna nyingine, magumu kuvunjika, ndiyo maana baadhi yao wanaishi katika chemchemi zinazochemka, katika asidi kali, au katika maji ya chumvi ambayo yangeua karibu kila kiumbe. Na jambo moja linalopendeza: hakuna arkea hata mmoja anayejulikana kwa hakika kuwa chanzo cha ugonjwa wa binadamu.

Kwa upande wa uchumi, inatosha kushika hivi. Bakteria wanafanya karibu kila kazi: wanakula sukari, mafuta, chuma na salfa, wanakamata nitrojeni ya hewani, wanachachusha maziwa, na wachache wao wanatuua. Arkea nao wana kazi moja ambayo hakuna kundi lingine linaloishi kwa kuifanya, nayo ni kutengeneza methani. Bila wao hakuna gesi ya ziwa, hakuna gesi ya samadi, na ng'ombe asingecheua methani.

Ziwa lenye maji yasiyochanganyika

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi. Upepo wa kiangazi unaweza kuyakoroga maji ya juu hadi mita sitini au zaidi kidogo, basi. Chini ya hapo maji yanazidi kuwa mazito kwa sababu chemchemi za chini ya ziwa zinaingiza maji yenye chumvi na hewa ukaa. Kwenye kina cha mita 260 hivi kuna mpaka mkubwa ambapo uzito wa maji unapanda kwa ghafla. Maji yaliyo chini ya mpaka huo yamekaa huko kwa mamia ya miaka, hayana oksijeni, na kila kinachozalishwa humo hubaki humo.

Kazi inaanza juu. Mimea midogo ya majini inaota kwa mwanga wa jua, inakufa na kuzama pamoja na uchafu wa samaki na mabaki mengine. Huko chini kundi la kwanza linalopokea mzigo ni bakteria. Wanavunja mabaki hayo hatua kwa hatua hadi yabaki vitu vidogo: asidi ya siki, hidrojeni na hewa ukaa. Hapo bakteria wanafikia mwisho wa uwezo wao, na arkea wanaingia. Wengine wanapasua asidi ya siki na kupata methani. Wengine wanachukua hidrojeni na hewa ukaa, wanaviunganisha, na kutoa methani na maji.

Njia hii ya pili ndiyo inayomrudisha Nyiragongo katika hadithi. Hewa ukaa iliyojaa kilindini imetoka kwa wingi katika mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Arkea wameichukua kaboni hiyo ambayo haiwaki na kuigeuza kuwa kaboni inayowaka. Kwa hiyo ugomvi wa "volkano au mikrobe" hauna maana kubwa: volkano ilileta malighafi, arkea wakafanya kazi ya kuigeuza.

Kiasi kilichokusanyika kinatisha. Kikipimwa kwa mgandamizo wa hewa ya kawaida, ziwa linabeba kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ukaa na zipatazo 60 za methani, yaani mita za ujazo bilioni 60. Mita moja ya ujazo ya methani ikiungua inatoa joto la kilowati-saa kumi hivi, na injini nzuri inaweza kupata humo umeme wa kilowati-saa nne. Si gesi yote itakayotolewa, lakini hata sehemu yake inatosha kubadilisha maisha ya mji ambao familia nyingi bado zinapika kwa makala, yaani makaa ya miti iliyokatwa katika misitu ya Virunga.

Kwa nini gesi hii haipandi na kupotea hewani? Hapa bakteria wanarudi. Kule methani inayopanda polepole inapokutana na oksijeni kidogo inayotoka juu, kuna bakteria wanaoishi kwa kula methani. Wanaiunguza ndani ya seli zao na kupata nguvu na mwili. Wao ndio sababu ya ziwa lenye methani nyingi namna hii kupeleka angani kiasi kidogo tu. Baadhi ya kaboni hiyo inaingia tena katika chakula cha vidudu vya majini, na vidudu hivyo ndivyo chakula cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mama anayeuza sambaza katika soko la Kituku mjini Goma anauza pia, kwa kiasi fulani, kazi ya bakteria hao.

Kuhusu hatari tusidanganyane, wala tusitishane. Gesi imeyeyuka majini kwa sababu imegandamizwa na uzito wa maji, sawa na soda ndani ya chupa iliyofungwa. Mwaka 1986 Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifunguka ghafla, hewa ukaa ikatambaa mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Sisi tunaoishi na mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya mashimoni na kuua mbuzi na hata watoto, hatuhitaji kufafanuliwa jinsi hewa ukaa inavyoua bila harufu. Kivu lina gesi nyingi kupita Nyos mara mia kadhaa, na watu wapatao milioni mbili wanaishi kando yake. Hata hivyo kilindini mgandamizo wa gesi bado uko chini ya ule wa maji yanayoikandamiza. Lava ya 2002 ilikata mji wetu ikaingia ziwani bila kuvuruga matabaka ya chini. Na hofu iliyoenea miaka ya 2000, kwamba methani inaongezeka kwa kasi, haikuthibitishwa na vipimo vilivyofanywa mwaka 2018: kiasi kilikuwa karibu kilekile.

Matokeo hayo yana maana ya kiuchumi ambayo sisikii ikijadiliwa vya kutosha. Kama kiasi hakipandi kwa kasi, basi arkea wanazalisha polepole, wakifidia kinachopotea na zaidi kidogo. Gesi ya Kivu ni akiba iliyowekwa kwa karne nyingi. Ikichotwa kwa miaka hamsini haitajaa tena kwa ajili ya wajukuu zetu. Anayetia saini mkataba anapaswa kujua hilo kabla ya kushika kalamu.

Namna ya kuichota ni rahisi kueleza. Bomba linashushwa hadi mita 350 hivi. Maji yakianza kupandishwa, mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea ndani ya bomba, na mapovu hayo yanaendelea kuyavuta maji juu bila pampu. Karibu na uso wa ziwa gesi inatenganishwa na maji, kisha inaoshwa kwa maji ya juu ili hewa ukaa iondoke, maana inayeyuka majini kwa urahisi kuliko methani. Linalobaki gumu ni kuyarudisha maji yaliyotumika. Yamejaa fosforasi, amonia na salfa. Yakimwagwa karibu na uso, mwani utalipuka na sambaza watakosa hewa. Yakirudishwa mahali pasipofaa, yataharibu ule mpaka wa uzito unaolinda maisha yetu. Kina cha kurudishia maji ndicho kipengele ambacho mimi ningekisoma kwanza katika kila mradi.

Wenzetu wa Rwanda walianza zamani: tangu miaka ya 1960 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilichemsha mitambo yake kwa gesi kidogo ya ziwa. Mwaka 1975 nchi zetu mbili zilikubaliana kuitumia mali hii kwa pamoja. Mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 ulizinduliwa karibu na Kibuye. Upande wa Kongo, serikali ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi Julai 2022. Ziwa ni moja na maji yake hayajui mpaka. Kitakachofanywa na mmoja kitampata mwenzake.

Shimo la samadi linafuata kanuni ileile

Mfugaji wa Masisi au Kabare mwenye ng'ombe wawili watatu anaweza kuwa na kiwanda kama cha ziwa, nyuma ya nyumba. Samadi ikichanganywa na maji sawa kwa sawa na kufungiwa shimoni bila hewa, bakteria wanaivunja kuwa asidi, na arkea wanaigeuza asidi kuwa methani. Hakuna mbegu ya kununua, kwa kuwa arkea wanatoka tumboni mwa ng'ombe pamoja na samadi.

Mitambo mingi ya namna hii inakufa mapema, na kisa ni kimoja. Bakteria wana haraka, arkea ni wapole. Mwenye shimo akimwaga taka nyingi kwa mpigo, mabaki ya jikoni, maganda, damu ya machinjioni, bakteria wanazalisha asidi kuliko arkea wanavyoweza kula. Shimo linachacha, arkea wanadhoofika, asidi inazidi, na moto wa jikoni unazimika. Watu wanasema mtambo umeharibika, fundi anaitwa, anakagua bomba lisilo na kosa. Dawa ilikuwa kupunguza chakula kwa siku kadhaa, kuongeza samadi mbichi, na kungoja. Tena Goma na Bukavu ziko juu, kwenye mita 1,500 hivi, na usiku ni wa baridi. Arkea hawa wanapenda joto la nyuzi 35, kwa hiyo shimo lichimbwe ardhini lifunikwe vizuri, na lisilinganishwe na lile la mtu wa Uvira, kule chini kwenye joto.

Vinundu vya maharage

Tope linalotoka shimoni ni mbolea, na hapo tunaingia shambani, ambako ndiko bakteria wanakogusa mifuko ya watu wengi zaidi Kivu.

Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, na mmea hauwezi kutumia hata chembe yake ikiwa katika hali hiyo. Viwanda vinaivunja kwa joto kali na mgandamizo mkubwa kutengeneza yurea, na gunia la yurea linatufikia baada ya kupita bandarini Mombasa au Dar es Salaam, mipakani, na barabarani kwenye matope na vizuizi. Kila hatua inaongeza bei. Bakteria wa jamii ya rizobia wanafanya kazi hiyohiyo kwenye mzizi wa mharage, kwa joto la udongo, na malipo yao ni sukari kidogo ya mmea.

Ng'oa mharage unaotoa maua. Usiuvute kwa nguvu, chimba kwa jembe ili mizizi isikatike. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au waridi ndani, bakteria wako kazini: rangi hiyo ni ya protini inayochukuana na ile ya damu yetu, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni, kwa maana kimeng'enya kinachokamata nitrojeni kinaharibiwa na oksijeni. Kikiwa cheupe au kijani, unalisha wageni wasiofanya kazi. Kipimo hiki hakigharimu faranga hata moja, na ningependa kila mkulima wa Kivu akijue kabla hajashauriwa kununua chochote.

Soja ina shida ya pekee. Bakteria wake hasa wanaitwa Bradyrhizobium, na katika shamba lisilowahi kulimwa soja wanaweza kuwa wachache mno au wasiwepo. Hapo mkulima anapaka mbegu unga wenye bakteria hao kabla ya kupanda. Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009, ulifanya kazi hiyo pia Kivu Kusini, na gharama ya unga huo kwa hekta ni ndogo sana ukilinganisha na yurea. Lakini unga huo ni kitu hai. Ukiachwa juani mezani sokoni, bakteria wanakufa, na mkulima ananunua vumbi jeusi. Akishapaka mbegu hatakiwi kuzichanganya na mbolea za chumvi wala kuziacha hadi kesho.

Na hata bakteria wazuri hawawezi kila kitu. Udongo mwingi wa Walungu umechoka, una asidi na umekosa fosforasi. Kukamata nitrojeni kunahitaji nguvu nyingi, na nguvu hiyo ndani ya seli inabebwa na fosforasi. Bila chokaa kidogo au majivu, bila samadi na fosforasi, vinundu vitakuwa vichache na vyeupe, mkulima atasema dawa ya bakteria ni uongo. Mharage mrefu unaopanda kwenye miti unakamata nitrojeni zaidi kuliko ule mfupi, hoja nyingine ya kuupenda kwenye milima yetu yenye mashamba finyu.

Hata yurea yenyewe haiponi mikono ya viumbe hawa. Ikishageuka amonia udongoni, bakteria fulani pamoja na arkea fulani, ambao kazi yao ilithibitishwa mwaka 2005 tu, wanaigeuza hatimaye kuwa naitreti, na mvua zetu zinaisukuma naitreti chini ya mizizi. Ndiyo sababu kuweka yurea kidogo kidogo kunalipa kuliko kuimwaga yote siku moja.

Shambani humohumo kuna bakteria anayetupora. Mnyauko wa migomba, unaoletwa na Xanthomonas, uliingia Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kushuka hadi Kivu Kusini. Majani yanageuka njano, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoka tope la njano. Kwa familia inayolipia watoto karo kwa ndizi na kasiksi, yaani pombe ya ndizi, hilo ni pigo la moja kwa moja. Bakteria huyo anabebwa na wadudu wanaotua kwenye ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, na anabebwa na panga. Ushauri wa zamani ulikuwa kung'oa shina zima na ndugu zake wote, kazi ya kuvunja mgongo ambayo wengi waliiacha. Baadaye majaribio, yakiwemo ya hapa Kivu, yalionyesha kwamba kukata mara moja kila mgomba mmoja unaoonyesha dalili, usawa wa udongo, kunatosha kuupunguza ugonjwa hadi shamba lirudi, kwa sababu bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote. Ua la zambarau livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisikatwe kwa panga. Panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Maziwa, mihogo, maji

Maziwa ya Masisi hayawezi kungoja. Barabara mbaya, hakuna baridi, na kufika jioni yameharibika. Bakteria wa maziwa wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi laktiki. Asidi inayagandisha maziwa na kuwafukuza bakteria waharibifu. Kwa ufundi huo, uliopandwa na wamisionari kutoka Ulaya kwa mfano wa jibini ya Uholanzi, maziwa yaliyokuwa yamwagwe yanageuka gurudumu la jibini linalovumilia safari ya Goma, Bukavu, hata Kinshasa. Wabashi wa Kivu Kusini walikuwa na mashanza yao, maziwa yaliyochachushwa, tangu zamani, kwa kanuni ileile.

Mihogo michungu inadai uangalifu zaidi. Ina linamarini, inayozaa sianidi. Ikiloweshwa siku tatu hivi, bakteria wanalainisha nyama yake, seli zinapasuka, kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinaivunja linamarini, na sianidi inaondoka na maji na hewa. Njaa na vita vikimlazimisha mama kufupisha siku hizo, wanaolipa ni watoto: konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa kwanza Kwango mwaka 1938, umeonekana Kivu Kusini nyakati za vita. Miguu iliyopooza kwa konzo hairudi. Kwa hiyo mfanyabiashara anayemsukuma mkulima auze unga wa mihogo iliyoloweshwa usiku mmoja anaiba siku mbili za kazi ya bakteria, na siku hizo haziwezi kununuliwa baadaye.

Na kolera. Goma imejengwa juu ya lava, kuchimba kisima ni mateso, kwa hiyo mji unakunywa ziwa kwa bidoni. Julai 1994, wakimbizi walipomiminika kutoka Rwanda, watu karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kuhara damu. Tangu hapo Vibrio cholerae hajatuacha. Gharama yake haiishii hospitalini: ni siku za kazi za mama anayemuuguza mwana, ni soko linalokimbiwa, ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyoegeshwa kwa sababu mwenye nayo amelala. Matone machache ya klorini ndani ya bidoni yanamuua bakteria huyu. Hakuna uwekezaji ninaoujua katika mji huu unaorudisha faida haraka kuliko watu wenye klorini wanaosimama kwenye vituo vya kuchotea maji, na inanisikitisha kila wanapoondolewa kwa kukosa fedha.

Shaba inayotolewa na seli

Kusini, Lubumbashi na Kolwezi, habari ni nyingine. Mawe ya juu ya Katanga, malakiti ya kijani na heterojeniti nyeusi, yanayeyuka kwa asidi ya salfa bila msaada wa kiumbe yeyote. Ukishuka zaidi unakuta salfaidi, ambamo shaba na kobalti zimefungwa na salfa. Asidi peke yake inashindwa. Bakteria kama Acidithiobacillus na Leptospirillum wanaishi katika asidi hiyo na kula chuma: wanakigeuza kuwa aina inayoshambulia salfaidi na kuiachilia shaba, kisha salfa inayobaki inageuzwa na bakteria wengine kuwa asidi zaidi. Kwa kalkopiriti, salfaidi ya shaba iliyo sugu, joto linapandishwa kupita nyuzi 65, bakteria wa kawaida wanakufa, na arkea wa jamii ya Sulfolobus wanaendelea.

Mfano wa karibu ulikuwa Kasese, Uganda, ng'ambo ya Ruwenzori. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yalikuwa yamelala nje kwa miaka, bakteria wa porini wakiyala na kutiririsha asidi kuelekea Ziwa George. Kuanzia 1999 mabaki hayo yaliingizwa katika matangi, yakapewa bakteria wa ukoo uleule, safari hii kwa hewa na joto lililopimwa, na kobalti ikatoka na kuuzwa hadi akiba ilipokwisha. Viumbe waliokuwa wanachafua mto bure wakawa wafanyakazi wa kiwanda.

Katanga ina kikwazo chake: mawe yake mengi yamechanganyika na dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa, ambayo inakula asidi na kuwakosesha bakteria mazingira yao, hivyo lazima salfaidi itenganishwe kwanza ndipo iingie tangini. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua metalujia, yaani ufundi wa kutoa metali katika mawe, na mtu anayejua kulea seli, wameketi meza moja. Kitivo cha politekniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha ya kwanza. Vijana wetu wanaosoma biolojia Goma na Bukavu wangefaa kupelekwa huko sasa, wakati mawe ya juu yangali yapo, ili salfaidi za chini zikifikiwa kuwe na Wakongo wanaojua tangi likipoa nani anakufa kwanza.